Jibu: Sabufa inawaka ila besi haina nguvu

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: sabufa ina ampu (kikuza sauti) yake ndani, taa inawaka, umeichomeka kwenye resiva (mashine inayoendesha spika zako zote), lakini besi inasikika kwa mbali hata ukipandisha sauti.

Usikimbilie kwa fundi. Shusha sauti ya sabufa, chomoa waya upande wa resiva, kisha gusa kile kipini cha katikati kwa kidole. Ikitoa mvumo, waya na ampu ni vizima. Ikikaa kimya, jaribu waya mwingine kwanza.

Mara nyingi mchawi ni menyu ya resiva. Spika za mbele zikiwekwa "Large", besi ya muziki hubaki kwao, sabufa inaambulia makombo. Ziweke "Small", na crossover, yaani masafa ambayo sauti za chini yake zinaachiwa sabufa, iwe 80 Hz. Kitufe cha masafa nyuma ya sabufa kizungushe hadi mwisho, maana resiva imeshachuja.

Halafu swichi ya fezi (phase), ile ya kuoanisha mwendo wa sabufa na wa spika nyingine, 0 au 180. Kaa kwenye kochi lako, piga wimbo wenye besi, mtu aigeuze. Iache pale besi inaposhiba. Kwangu hiyo ilisaidia kuliko kupandisha sauti, na kuisogeza konani kukamalizia.

Ikigoma kabisa, kufungua ampu mimi siingii. Kapasita za ndani hubaki na chaji hata ukichomoa umeme.