Maswali ya Wasomaji: Kichwa cha Treni Kisicho na Chumba cha Dereva

SWALI: Mhariri, salaam. Katika picha za zamani za treni za mizigo za Marekani nimeona vichwa vinne vya dizeli vikiwa vimefungwa pamoja, lakini viwili vya katikati havina vioo vya mbele wala mahali pa dereva kukaa. Nani anaviendesha? Na shirika la reli linanufaika vipi kununua kichwa kisichoweza kuongoza treni?
Msomaji, Voi

JIBU: Anaviendesha dereva yuleyule aliyeketi katika kichwa cha kwanza. Ndani ya kichwa cha aina hiyo injini ya dizeli huzungusha jenereta, na umeme wa jenereta ndio unaozungusha mota zilizo kwenye ekseli. Amri za dereva nazo zinaweza kupita kwa umeme katika kebo inayounganisha kichwa kimoja na kingine. Kebo inayotumika Marekani ina nyaya 27, na kando yake yapo mabomba ya hewa ya breki. Dereva akipandisha wenzo hadi ngazi ya nane, ambayo ndiyo ya juu kabisa, injini zote huitika kwa pamoja.

Enzi za mvuke hilo halikuwezekana, kwa kuwa kila kichwa kilichoongezwa kilidai dereva wake na mchochea moto wake. Kampuni ya General Motors ilipoonyesha kichwa chake cha mizigo cha aina ya FT mwaka 1939, kikiwa na vipande vinne vyenye jumla ya nguvu za farasi 5,400, ni viwili tu vya mwanzoni na mwishoni vilivyokuwa na vyumba vya madereva, ili msafara usilazimike kugeuzwa unapofika mwisho wa njia. Vipande vyote vinne vilibeba namba moja, 103, na viliungwa viwili viwili kwa chuma cha kudumu. Hapo palikuwa na ujanja kidogo: mashirika ya reli yalihofu kwamba vyama vya wafanyakazi vingedai watu wa kukaa katika kila kipande, na msafara uliohesabiwa kuwa kichwa kimoja ulikuwa rahisi zaidi kuutetea.

Faida, basi, ni bei. Chumba cha dereva kina vioo, viti, kipasha joto, choo, vipimo na vyombo vya kuongozea, na kila kimojawapo hununuliwa, hukaguliwa na hutengenezwa kinapoharibika. Kwa shirika linalonunua vichwa kwa mamia, kutoviweka vyote hivyo katika nusu ya vichwa vyake si jambo dogo. Katika aina ya FT, idadi ya vipande visivyo na chumba ilikaribia kulingana na ya vile vyenye chumba.

Hasara yake huonekana karakanani. Vingi vya vichwa hivi viliwekewa vishikizo vichache vya kuendeshea ubavuni, karibu na kidirisha kidogo cha mviringo, ambapo mfanyakazi aliweza kukisogeza kichwa polepole kwenye njia za karakana huku akichungulia nje kwa upande mmoja tu. Kwa kazi hiyo vilitosha, lakini kwa safari havikufaa kabisa. Fikiria msimamizi mwenye vichwa vitatu vizima na treni tatu zinazosubiri: viwili vikiwa havina chumba, treni itakayoondoka ni moja, hata kama injini zote tatu ni nzima na matangi yamejaa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo akiba yote ya siku ya kununua ilipoliwa, kwa kuwa kichwa kilichosimama bure ni ghali kuliko vioo na viti.

Shirika la reli la Marekani la Union Pacific ni mfano mzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilianza kupokea majitu ya aina ya DD35, kila jitu likiwa na injini mbili zenye jumla ya nguvu za farasi 5,000, ambayo yalikusudiwa kukaa katikati ya vichwa vingine na kwa hiyo hayakuwa na chumba. Mwaka 1965 shirika hilohilo lilipokea mengine 15 ya jamii hiyo, safari hii yakiwa na vyumba vya madereva. Hata hivyo wazo lenyewe halikufa. Burlington Northern ilinunua vichwa 120 visivyo na chumba kutoka General Electric mwaka 1982 na 1983, na Santa Fe ikachukua 23 vya aina ya GP60B mwaka 1991. Mashirika yote mawili yalikuwa na treni ndefu za njia kuu, ambazo msafara wake wa vichwa hauhitaji kuvunjwavunjwa njiani.

Kwa njia yenye vichwa vichache kama ya Mombasa hadi Nairobi, nisingemshauri mtu kuvinunua. Vichwa vya daraja la 93, ambavyo General Electric iliiuzia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, kila kimoja kina chumba chake. Viwili vikifungwa pamoja na cha mbele kikaharibika Mtito Andei, cha pili kinaweza kuongoza.

SWALI: Je, ni kweli vipo pia vichwa visivyo na injini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ni kweli. Treni nzito inapoanza kuondoka, jenereta huweza kutoa umeme mwingi kuliko mota za kichwa zinavyoweza kutumia, kwani magurudumu yakizidishiwa nguvu huteleza. Umeme wa ziada hupelekwa kwenye gari lenye mota lakini lisilo na injini, ambalo hujazwa zege au chuma ili uzito uyakandamize magurudumu relini. Mwendo ukikolea, umeme wote huhitajika na kichwa chenyewe, na gari hilo hubaki mzigo wa kuvutwa, ndiyo maana makao yake hasa ni kwenye yadi za kupanga mabehewa. CSX, kampuni ya reli ya Marekani inayoyatumia hata kwenye njia kuu, ilibadili vichwa vya zamani kuwa magari ya namna hiyo: iliondoa injini, ikakibakiza chumba cha dereva.