Julai hii tukimbie baridi na boti?

SWALI: Mhariri, baridi ya Nairobi imetumaliza, mimi na mume wangu tunataka Julai hii tukodi boti ya injini tutoke Mombasa polepole mpaka Lamu, tukilala njiani. Inawezekana? – Mama Wawili, Umoja

JIBU: Mama Wawili, wazo ni tamu kweli lakini Julai ndio kusi imeshika, upepo unavuma kutoka kusini mashariki na bahari ya nje inachafuka vibaya, boti ndogo inarushwa mpaka mtu anajuta, kwa hivyo hiyo safari ndefu naomba sana muiweke hadi kaskazi, Desemba mpaka Machi, maji yakiwa yametulia. Lakini joto mtalipata tu! Pandeni ndege au basi hadi Lamu, kodini boti hukohuko na nahodha wa hapo, mzunguke ndani ya visiwa, pale Manda na Pate vinakinga mawimbi. Nendeni Takwa, magofu ya mji ulioachwa karne ya 17, mnapenya kijito katikati ya mikoko, ila ni maji yakijaa tu, yakipwa boti inakwama matopeni na mtangoja masaa, sasa muulize nahodha saa za maji kabla hamjalipa. Na petroli: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Jaketi za kuokolea mzivae kabisa, zisikae chini ya kiti.