Kibodi imekunywa chai, ninunue ya gemu?

SWALI: Fundi, hujambo? Nina saiba ndogo, duka la kompyuta na intaneti, hapa Kakamega. Wiki jana mteja alimwaga chai ya maziwa juu ya kibodi. Niliifuta nikaianika juani, lakini Q, A na Z zimekataa kabisa. Sasa nanakili herufi a kutoka barua ya zamani na kuibandika, na barua ya Kiswahili unajua ina a ngapi! Kijana wangu anasema ninunue kibodi ya gemu, ile ya taa. Mimi sichezi gemu. Nimsikilize?
Mama wa saiba, Kakamega

JIBU: Pole, mama. Ndani ya kibodi ya kawaida mna karatasi za plastiki zilizochorwa njia za umeme, na mara nyingi Q, A na Z hutumia njia moja. Chai imeila hiyo njia. Jua haliirudishi.

Kijana hajakosea, ila taa zisikudanganye. Ukifika dukani, omba wang'oe kitufe kimoja. Ukikuta kikofia laini cha mpira, hiyo ni ndugu ya ile iliyokufa, imevishwa taa tu. Usiongeze hata shilingi kumi. Ukikuta kijisanduku kigumu chenye alama ya kujumlisha katikati, hapo kila kitufe kina swichi yake. Na kama swichi zenyewe zinachomoka, afadhali zaidi: moja ikifa, unabadilisha hiyo moja.

Swichi za bluu ziache, zina kelele. Mimi ninayo hapa kibandani Kisumu, na nikiongea na mteja kwa simu huku naandika, ananiuliza kama nakaanga bisi. Chukua nyekundu, au kahawia.

Za gemu nyingi ni fupi, hazina namba upande wa kulia. Kataa. PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, ina tarakimu 9 kati ya herufi mbili, na mwezi wa Juni watu wakikumbuka ritani zao za kodi utaziandika mpaka usiku.

Tazama pia mkia wa kibodi ya zamani. Ukiwa wa duara, hakikisha kompyuta ina tundu la USB lililo wazi. Halafu ukibonyeza Shift na 2 upate alama ya kunukuu badala ya @, usiirudishe dukani: kompyuta imewekwa mpangilio wa Uingereza. Ingia kwenye mipangilio ya lugha, uchague wa Marekani.