Kwa mnaorudi darasani mkiwa watu wazima

Ninawaandikia ninyi mnaoanza masomo katika vyuo vya maendeleo ya wananchi na vituo vya elimu ya watu wazima huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mlioishia darasa la saba au mlioacha sekondari njiani. Nilirudi darasani Njombe nikiwa na umri wa miaka 31 na watoto wawili, nikafanya Mtihani wa Maarifa, ambao ukiufaulu unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne hata kama hukupita sekondari ya kawaida, kisha nikafanya huo wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Najua wengi wenu mnahofia kwamba kichwa kimeshakuwa kizito. Katika darasa letu, karibu wote walioacha masomo waliangushwa na kalenda.

Mtihani wa Maarifa hufanyika Novemba, wakati mmoja na ule wa kidato cha nne, na Novemba ndipo mvua zetu zinapoanza na kila mwenye shamba anahangaika kuwahi kupanda mahindi. Kwa kuwa msimu wetu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka, mwanafunzi mwenye familia hujikuta akichagua kati ya chakula cha mwaka mzima na karatasi ya Hisabati. Mwaka wa kwanza nilichagua shamba, nikakosa majuma matatu ya marudio, nikafeli. Mwaka uliofuata nilinunua mbegu na mbolea mara tu nilipouza mavuno, kabla fedha haijaingia kwenye mambo mengine. Oktoba shamba likawa limeshalimwa, na nikapatana na wifi yangu kwamba apande ekari yangu siku za mitihani, nami nimsaidie palizi Desemba. Mapatano ya namna hiyo yafanyeni Julai au Agosti, watu wakiwa wametulia baada ya kuvuna, kwa maana mvua ikishanyesha hakuna jirani atakayeweza kuwasikiliza.

Ugumu mwingine ni Kiingereza. Tulifundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa Biolojia na Jiografia zinaulizwa kwa lugha ambayo wengi wetu hatujaitumia kwa miaka. Mmomonyoko wa udongo niliujua kwa kuuona ukila shamba letu la mteremkoni, lakini ulipotajwa kwa Kiingereza katika jaribio sikuutambua, nikaacha swali ambalo ningeweza kulijibu vizuri kuliko yote. Tangu siku hiyo nilikuwa na daftari dogo la maneno ya kila somo, na nilijizoeza kujibu mitihani ya miaka iliyopita kwa kuandika sentensi fupi. Mwombeni mwalimu aeleze kwanza kwa Kiswahili. Msione haya, hata kama mwalimu huyo ana umri wa mdogo wenu wa mwisho.

Nalisema hili la haya kwa uchungu, kwa sababu nimeona akina mama wakikaa nyuma kama wageni. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, na tangu mwanzo vililenga watu wazima, kwa hiyo hakuna aliyewapa nafasi hiyo kwa hisani. Mwenye mtoto mchanga aulize siku ya kwanza kama chuo kina mahali pa kulelea watoto. Fundi aliyejifunza kazi mtaani aulize pia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu urasimishaji wa ujuzi, ambao humpima mtu kwa kile anachokijua tayari na kumpatia cheti.

Angalieni pia majina yenu. Mwenzetu mmoja aliandikwa jina la babu katika cheti cha kuzaliwa na jina la ukoo katika kumbukumbu za darasa la saba, akahangaika miezi kadhaa kulisahihisha huku usajili wa mtihani ukikaribia kufungwa. Juma hili hili, wekeni nyaraka zenu zote mezani, mzilinganishe herufi kwa herufi, kisha mwulizeni mratibu tarehe ya mwisho ya usajili na kuiandika mahali ambapo kila mtu nyumbani ataiona.