Unaenda kuorodhesha mimea Udzungwa? Soma hii kwanza

Wadogo zangu wa botania na misitu, kila ikikaribia Juni mnaniuliza mambo yaleyale, kaka naenda kufanya utafiti wa mimea Udzungwa nianzie wapi, nibebe nini, ploti (vipande vya msitu unavyovipima) ziwe ngapi. Leo nayaandika yote sehemu moja, na kubwa kuliko yote nalisema mapema: orodha ya majina bila sampuli haithibitishi kitu. Hata uandike spishi mia tatu, mtu akija miaka ishirini baadaye akakuta hakuna hata tawi moja kwenye hebariamu (jumba la kutunzia sampuli za mimea iliyokaushwa), hana namna ya kujua kama uliziona kweli au ulikisia tu. Na kwenye milima ile kukisia ni rahisi sana, manake kuna mimea inafanana majani kabisa na ukoo wake ni tofauti kabisa.

Kwanza uielewe sehemu yenyewe. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na ndani hakuna barabara za gari, kila kitu ni miguu na mgongo. Inaanzia kama mita 250 kule chini upande wa bonde la Kilombero na inapanda mpaka Luhombero mita 2,576. Ukiwa Mang'ula au Sanje unaona mashamba ya miwa yanaishia na hapohapo ukuta wa msitu unaanza, na upande ule wa Mwanihana msitu umeungana kutoka bondeni mpaka zaidi ya mita 2,000 bila kukatika, kitu ambacho Afrika Mashariki kimebaki sehemu chache mno. Sasa hiyo ina maana gani kwako we unayetafiti? Ina maana kila ukipanda mita mia mbili mia tatu mimea inabadilika, huku chini unakutana na mvule na mkangazi, juu huko unaingia kwenye mkulo na wenzake. Kwa hiyo usirundike ploti zako zote karibu na kambi kwa sababu maji yako karibu. Zigawe kwa mwinuko toka mwanzo, hata kama ni chache, ploti chache zilizopanda mlima zinakwambia mengi kuliko nyingi zilizokaa mstari mmoja bondeni.

Vibali sitakaa sana ila vinachukua muda kuliko unavyofikiria. Anza na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), na kama timu ina mgeni kutoka nje kuna COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) pia, na hakikisha kibali kimeandikwa wazi kwamba utakata na kuchukua sampuli, sio "kufanya utafiti wa mimea" basi. Askari wa hifadhi akikukuta na mkasi na mfuko wa matawi ana haki kabisa ya kukuuliza. Na msituni hutembei bila askari, tembo wa Udzungwa wanapanda milima na kwenye kichaka kizito unamsikia akiwa ameshafika.

Haya, ploti. Vitabu vinakufundisha mita 20 kwa 50, sawa, lakini vimeandikwa kama ardhi yote ni uwanja wa mpira. Kwenye mteremko wa nyuzi 30 ukivuta tepu mita 20 juu ya ardhi, kwa mlalo umepata mita 17 na kidogo tu. Ili upate mita 20 za kweli inabidi uvute kama 23. Bila kusahihisha hilo ploti zako za juu zote zitakuwa ndogo kuliko za chini, halafu utakuja kuandika kwamba juu spishi ni chache, kumbe eneo lenyewe lilikuwa dogo. Beba klinomita, yaani kipimo cha mteremko, na kama huna kuna programu za simu zinapima mteremko vizuri tu, ila andika nyuzi za kila ploti, usiseme utakumbuka.

Kama mteremko ni mkali kiasi kwamba kamba haikai, kuna njia nyingine mi naipenda sana kwa milima hii, unasimama sehemu moja uliyoichagua bila upendeleo, unachukua miti 20 iliyo karibu zaidi yenye kipenyo cha sentimita 20 kwenda juu, unapima umbali toka uliposimama mpaka mti wa mbali zaidi kati ya hiyo. Mtafiti wa mimea Jon Lovett aliitumia kwenye misitu mingi ya Tao la Mashariki, ule mlolongo wa milima ambao Udzungwa ni sehemu yake, kwa hiyo una kitu cha kulinganisha nacho. Kipenyo tunapima mita 1.3 toka chini, na unasimama upande wa juu wa mteremko. Mti wenye mizizi iliyotanuka kama mbawa unapanda ukapime juu ya mbawa, unaandika na urefu uliopimia.

Lakini ukiishia kwenye miti mikubwa tu utafiti wako utakuwa umeacha sehemu kubwa ya utajiri wa pale. Tao la Mashariki utamu wake uko chini ya miti, vichaka vya familia ya kahawa, vya familia ya topetope, feni (mimea isiyotoa maua, Kiingereza fern), okidi zilizokaa juu ya matawi, majani madogo yameshikilia jiwe lenye unyevu karibu na maporomoko. Weka ploti ndogo ndani ya ile kubwa kwa ajili ya hivi. Na kabla hujaondoka mjini jifunze familia kama kumi hivi mpaka ziwe kichwani, hiyo itakusaidia kuliko kukariri majina ya spishi. Kwa mfano majani yametazamana mawili mawili, hayana meno pembeni, na katikati ya vikonyo vyake kuna kipande kidogo kama jani kinachoviunganisha, hapo karibu kila mara uko kwenye familia ya kahawa, tayari umepunguza kazi nusu. Programu za simu za kutambua mimea kwa picha usiziamini kule, zitakupa jina la mmea wa bustani kwa kujiamini kabisa.

Sasa nije kwa watu. Tafuta mtu wa vijiji vya pale anayejua mimea, wapo, wengine wamefanya kazi na watafiti toka vijana, na mlipe vizuri, malipo ya mtaalamu. Mzee wa aina hii anakwangua gome kidogo kwa kucha, ananusa, anaangalia utomvu una rangi gani, anakupa jina la mti ambao majani yake yako juu kabisa hata darubini haiyaoni vizuri. Mkulo kwa mfano ukikwangua unanukia kafuri, hapo huhitaji jani. Andika jina analokupa, andika na lugha, Kihehe au Kipogoro au Kindamba, usiandike tu "jina la kienyeji". Ila jina hilo lisiwe mwisho wa safari, kwa sababu jina moja linaweza kubeba miti zaidi ya mmoja, mkuyu ni mfano mzuri, Ficus sycomorus anaitwa mkuyu na Ficus sur naye mkuyu. Ndo maana narudi palepale, chukua sampuli.

Na sampuli iwe na ua au tunda. Tawi lenye majani matupu mara nyingi linaishia kwenye kabati na karatasi iliyoandikwa jenasi na alama ya kuuliza. Hapa ndo kuna mgongano wa ratiba, Juni mpaka Septemba njia ni kavu na kila mtu anataka kwenda, lakini miti mingi inatoa maua kiangazi kinapoisha na mvua za kwanza, kwa hiyo kama bajeti inaruhusu igawe mara mbili, ploti upime kiangazi, halafu urudi Novemba na timu ndogo kuchukua maua kwenye miti uliyoiwekea namba. Matawi ya juu tunayapata kwa manati na uzi, unarusha kijiwe chenye uzi kikapita juu ya tawi, unavuta kamba nyembamba, unalikata kwa kulivuta.

Kukausha ndo kunaua kazi za watu wengi. Msitu ule una unyevu, magazeti yanalowa, siku ya tatu ukungu umeshaingia na majani yanadondoka. Kama uko mbali na umeme, laza sampuli kwenye magazeti, zifunge bunda, weka kwenye mfuko mzito wa plastiki, mwagia spiriti mpaka zilowe na ufunge mdomo kabisa. Zitakaa hivyo wiki kadhaa mpaka ufike penye moto wa kukaushia. Rangi ya ua itapotea, kwa hiyo iandike kabla, pamoja na harufu, rangi ya utomvu, urefu wa mmea, mwinuko, namba za GPS na tarehe, na uandike kwa penseli, wino unayeyuka. Kipande cha jani kiweke kwenye silika jeli (vile vichembe vinavyofyonza unyevu) kwa ajili ya vinasaba. Namba yako ya ukusanyaji isirudiwe maisha yako yote, mwaka huu ukiishia 212 mwakani unaanza 213.

Kama mimea yenyewe ni michache, usichukue. Piga picha, majani mbele na nyuma, ua kwa ndani, shina, basi. Na okidi au Saintpaulia (ua dogo la urujuani) adimu usiweke namba za GPS hadharani, kuna watu wanafuata mimea hiyo kuiuza.

Kuna anayeniambia kaka, Udzungwa si imeshafanyiwa kazi, kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki kilianza 1952 kikakamilika 2012 kina spishi zaidi ya 12,000, mi nitaongeza nini? Mwaka 2025 ndo Tessmannia princeps imetangazwa rasmi kisayansi, mti unaofika mita 40, umeonekana kwenye misitu ya hifadhi ya vijiji hukohuko milima ya Udzungwa, na kwenye timu iliyoutambua walikuwemo wataalamu wa mimea Watanzania. Mti wa mita 40 ulikuwa hauna jina la kisayansi. Sasa fikiria vichaka vinavyokufika magotini. Kwa hiyo usipite tu misitu ya vijiji ukikimbilia geti la hifadhi, omba ruhusa ya serikali ya kijiji na uipime nayo.

Mwisho gawa nakala za sampuli: moja hebariamu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, moja hebariamu ya taifa Arusha, moja ibaki karibu na hifadhi kama wana pa kuitunza, na moja ya mtaalamu wa familia ya mmea huo popote alipo. Jina la yule mzee liandikwe kwenye lebo kama mkusanyaji pamoja na lako, na kama unachapisha mwulize anataka jina lake liandikweje. Orodha ichapishe kwa Kiswahili pia uipeleke ofisi ya kijiji. Kama unalenga kiangazi kinachokuja, barua za vibali ziandike sasa hivi, na magazeti ya zamani anza kukusanya, utahitaji mengi kuliko unavyodhani.