Maswali ya wanamuziki: Mpiga besi hapatikani hewani

Barua nyingi za mwezi huu zinalia kilio kimoja: wapigaji wa kutegemewa ni adimu. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kinachozisumbua bendi ndogo.

Nina bendi ya zilipendwa yenye watu saba. Tunapiga hotelini Jumamosi mbili au tatu kwa mwezi. Mazoezini wote wapo, lakini siku ya onyesho mara mpiga besi hayupo, mara mpiga drams, na simu zimezimwa. Nimeshabadilisha wapigaji wa besi watatu. Huyo wa kuaminika nimtafute wapi?
*Kiongozi wa bendi, Morogoro*

Ndugu kiongozi, kama wamepita watatu na tatizo ni lile lile, usikimbilie kumtafuta wa nne. Itazame kwanza kazi yenyewe ulivyoipanga. Jumamosi mbili kwa mwezi hazimlishi mtu mwenye familia, kwa hiyo mpigaji wako lazima anapiga pia na bendi nyingine, kwaya au vikundi vya sherehe. Akipigiwa simu Ijumaa na mtu mwenye dau kubwa kuliko lako, ataangalia nani alimfungia tarehe, nani ameshampa hela, na nani atamfikisha nyumbani usiku. Ukishindwa kote kutatu, umeshampoteza, hata kama anakupenda.

Anza na hela. Tuseme hoteli inalipa shilingi 800,000. Usafiri 130,000, kukodi spika 170,000, mfuko wa bendi 80,000. Zinabaki 420,000, yaani 60,000 kwa kila mmoja wa saba. Kama wewe unachukua mafungu mawili, kila fungu linashuka hadi 52,500, na hilo liseme mbele yao. Mpigaji huvumilia malipo madogo anayoyajua hesabu yake. Kinachomkimbiza ni kuhisi kuna kilichomegwa. Kisha idai hoteli arbuni, yaani malipo ya awali, ya asilimia 30, ambayo ni 240,000, na siku hiyo hiyo inapoingia mtumie kila mpigaji 20,000 kwa simu. Iliyobaki impe usiku ule ule, mkononi, kabla vyombo havijapakiwa. Arbuni inafunga tarehe, na pia inakufunulia mapema nani ana mashaka. Atakayekwambia "usitume kwanza, ngoja nikujibu" ameshakueleza kwamba ana ahadi nyingine, na wewe bado una muda wa kuhangaika.

Tarehe ifungwe kwa maandishi. Maneno ya mwisho wa mazoezi, "Jumamosi tupo, eeh?", si makubaliano. Ujumbe mmoja utaje tarehe, mahali, saa ya kufika kufunga vyombo, saa ya kuanza na ya kumaliza, malipo, mavazi, na gari linapoondokea. Kumbusha siku saba kabla, kisha siku mbili kabla, na mara hii ya pili andika: "Nijibu kabla ya saa mbili usiku, la sivyo namwita mwingine." Asipojibu, mwite kweli huyo mwingine. Ukitishia mara moja bila kutenda, ujumbe wako unaofuata hautasomwa.

Usafiri wengi huuona jambo dogo. Onyesho likiisha saa nane usiku daladala hakuna, na bodaboda mbili na gitaa mgongoni zinaweza kula robo ya malipo ya mtu, mbali na hatari ya kuporwa. Gari moja linalomshusha kila mmoja karibu na kwake linashikilia wapigaji kuliko nyongeza ya shilingi 10,000.

Hata ukifanya yote hayo, mtu ataugua au atafiwa. Kwa hiyo kila chombo kiwe na deiwaka wake, yaani mpigaji wa akiba, anayejulikana kwa jina, aliyewahi kuja mazoezini walau mara mbili na akalipwa nauli siku hizo. Deiwaka anayeitwa saa tisa alasiri kupiga saa tatu usiku nyimbo ambazo hajawahi kuzisikia hawezi kukuokoa. Na hapa ndipo bendi nyingi zinapoangukia: nyimbo zote zimo vichwani mwa watu. Akiondoka mpiga besi, anaondoka na nusu ya bendi.

Tengeneza daftari la nyimbo, ukurasa mmoja kwa kila wimbo. Juu andika ufunguo na mwendo, kwa mfano "G, mapigo 108 kwa dakika". Chini yake mpangilio: gitaa la solo linaanza peke yake mizunguko miwili, besi na drams wanaingia pamoja, ubeti ni 1–4–5–4 mara nne, kiitikio; mwimbaji akiinua mkono wa kushoto, sebene inaanza; drams wakipiga roli ya mapigo manne, kila mtu anakata kwa pamoja. Kordi ziandike kwa namba kama hizo, yaani nafasi ya kordi kwenye ngazi ya wimbo, si kwa herufi, ili mwimbaji wa zamu akitaka kupanda au kushuka, ukurasa ubaki vile vile. Usimtumie deiwaka rekodi ya zamani peke yake. Rekodi nyingi za kanda zimekaa juu kidogo au chini kidogo ya sauti ya kawaida, kwa sababu mashine ziliukimbiza au kuuchelewesha mkanda. Kijana anakesha akilegeza nyuzi aendane nayo, kisha anakuta bendi yako inapiga kwa ufunguo mwingine kabisa. Rekodi mazoezi yenu kwa simu, ukiiweka hatua tatu mbele ya spika ya besi, umtumie hiyo.

Kwa vipindi vinne vya dakika 45, na nyimbo za dakika saba hivi, unahitaji nyimbo 26. Deiwaka hatazimudu zote. Chagua 12 za msingi ambazo kila deiwaka lazima azijue, na usiku atakaokuwepo hizo ndizo zibebe vipindi viwili vya katikati, ukumbi unapojaa. Nyingine ziwe zile za kordi tatu anazoweza kuzifuata kwa sikio.

Wala usiwalaumu sana vijana wa leo kwa kuhama. Bendi ya Mlimani Park, maarufu kama Sikinde, ilipoanza mwaka 1978 iliwachukua kina Muhiddin Maalim Gurumo na Abel Balthazar kutoka bendi nyingine. Mwaka 1985 tajiri mwenye vyombo, Hugo Kisima, akawachomoa hao hao na wenzao, sita kwa jumla, kuunda International Orchestra Safari Sound. Sikinde haikufa kwa pigo hilo. Iliendelea kupiga, kwa sababu ilikuwa na watu wa kuziba mapengo.

Mimi ni mwimbaji wa injili. Wapigaji ninaowapata ni wa kwaya, na mialiko mingi ni Jumapili, siku ambayo wote wako makanisani kwao. Nifanyeje?
*Dada wa Mwanza*

Dada, hapo hushindani na uvivu. Unashindana na wajibu, na mpiga kinanda anayeiacha ibada ya kanisa lake kwa ajili yako siku moja atakuacha wewe vile vile. Ongea na kiongozi wa kwaya yake, si yeye peke yake, uombe Jumapili moja kwa mwezi kuanzia saa nane mchana, baada ya ibada. Na usimpangie mazoezi ya Jumamosi usiku.

Mialiko ya asubuhi ipige na watu wawili na sauti zilizorekodiwa, badala ya pleibeki tupu. Fundi studio akutengenezee faili ambalo upande wa kushoto lina mlio wa kuhesabu mwendo, na upande wa kulia lina kinanda na waitikiaji. Waya wa simu unagawanywa: kushoto kunaenda kwenye hedfoni za mpiga drams tu, kulia kunaenda kwenye spika. Drams na gitaa vinapigwa papo hapo, na waumini wanasikia muziki wenye uhai. Linaloharibu mpango huu mara nyingi ni dogo sana: simu inaita katikati ya wimbo. Iweke hali ya ndegeni kabla hujaunganisha waya. La pili ni kugeuza waya, kanisa zima likasikia "tik tik". Bandika utepe mwekundu kwenye waya wa kushoto.

Mpigaji mgeni nimpime vipi? Wote wanasema wanajua.
*Mpiga solo, Dodoma*

Mtumie nyimbo mbili siku tano kabla: moja ya taratibu yenye vituo, moja yenye sebene ndefu. Siku ya majaribio angalia kwanza kama amekuja na waya wake, nyuzi za akiba na kifaa cha kutyuni. Mwache apige na mpiga drams peke yao kwa dakika tatu, metronomu, yaani kipima mwendo, ikiwa mapigo 100 kwa dakika. Mkononi shika simu yenye metronomu, spika ikiwa imezimwa, uangalie taa tu. Wengi wanakimbia wanapofika kwenye mapambo. Baada ya hapo mwambie apandishe ufunguo wa wimbo kwa toni moja nzima bila maandalizi.

Kipimo tunachokithamini kuliko vyote ni cha mwisho: mwimbaji aanze kuimba kwa sauti ndogo. Mpigaji anayesikiliza atapunguza mwenyewe. Asiyepunguza anajisikiliza yeye, na hilo mazoezi hayaliponyi kwa haraka. Kasi ya vidole inafundishika. Akipita, bado usimpe nafasi ya kudumu. Mpe mazoezi mawili na onyesho moja dogo, umlipe sawa na wengine, utazame alifika saa ngapi na alijibu vipi ujumbe.

Kikundi chetu cha taarab asilia kina udi, fidla mbili, akodioni, dumbaki (ngoma ndogo) na rika (tari). Mpiga kanuni hatuna, na tunayemwita kutoka Unguja anatuangusha.
*Katibu wa kikundi, Tanga*

Wapiga kanuni, kile chombo cha nyuzi kinacholazwa mapajani, ni wachache kweli, na wengi wameshikwa na vikundi vya Zanzibar vyenye ratiba zao. Pa kuulizia ni Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA, Mji Mkongwe, kilichoanzishwa mwaka 2002. Mwanafunzi aliyefika mbali anahitaji majukwaa kama yenu kuliko bingwa anayealikwa kila wiki.

Lakini, katibu, jiulizeni kwanza anawaangusha vipi. Kama malalamiko ni kwamba anachelewesha onyesho na chombo hakikai sawa, huenda kosa si lake. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja linalozibeba linakalia ngozi. Jioni ya pwani ngozi inanyonya unyevu na kulegea, na nyuzi zote zinashuka kwa pamoja. Akifika saa mbili usiku na mkataka kuanza saa mbili na nusu, mmemtega. Afike dakika 90 kabla, akae pasipo feni wala kiyoyozi, na kanuni itoke kwenye mkoba mapema ili izoee hewa ya ukumbi. Atyuni kwa kufuata akodioni yenu, kwa sababu akodioni haigeuziki. Wengine wote ndio wanaoifuata. Mpeni katibu wa jukwaa kazi moja: kunyamazisha dumbaki na rika dakika 20 za kutyuni. Kelele hizo zinamrudisha mwanzo.

Gharama zake zipangeni kamili: nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya usiku mbili, chakula, na malipo. Kumlipa nauli ya kuja tu, ya kurudi akaitafute mwisho wa sherehe, kunatosha kumfanya asipokee simu yenu tena.

Na wekeni mmoja wenu ajifunze. Mpiga udi ndiye wa kwanza kufikiriwa, kwani maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, anazo tayari masikioni. Atabaki kufundisha vidole viwili vya shahada vilivyovishwa pete na ndimi za kuchapia, na mkono wa kushoto kugeuza vile vyuma vidogo vya kupandisha na kushusha sauti huku wimbo ukiendelea. Hilo la mwisho ndilo linalochukua muda.

Mnawasema wapigaji tu. Na sisi wapigaji tunadhulumiwa na viongozi. Nimepiga harusi mbili Dar sijalipwa, eti sina mkataba. Na Ramadhani bendi ikisimama, posho nayo inasimama. Nifanyeje?
*Mpiga tumba*

Mkataba unao. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inatambua pia makubaliano ya mdomo. Kazi yako ni kuyathibitisha. Tunza jumbe zinazotaja tarehe na kiasi, kumbukumbu za arbuni kwenye simu, na picha za video za usiku huo. Kuanzia sasa, kiongozi akikupigia simu, mjibu kwa maandishi: "Nimekubali tarehe fulani, mahali fulani, kwa kiasi fulani." Asipokanusha, una ushahidi. Deni la zamani mdai kwa barua yenye tarehe ya mwisho ya kulipa, nakala ubaki nayo. Harusi ya tatu usiende kwake bila arbuni.

Uliuliza pia kuhusu Ramadhani, bendi inaposimama na posho inasimama. Mwulize kiongozi wako sasa, kabla mwezi haujaandama, kama mfuko wa bendi utatoa chochote, na kama Idd Mosi mnapiga. Bendi isiyojibu swali hilo mapema, wapigaji wake huwa wameshachukua arbuni za Idd kwingine ifikapo kumi la mwisho.