Kukhu na ile fulana

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza kuku walikuwa wanapiga kelele. Unauliza kama ile fulana ya mazishi, yenye picha ya nyanya yako Kukhu, duara la mwanga kichwani na maneno "Mtakatifu wetu", ilikuwa sawa. Na kwamba Novemba ikiingia, umwombee yeye, au umwombe yeye akuombee?

Fulana niliivaa, uliniona. Lakini sikuipenda.

Tarehe 1 Novemba ni ya Watakatifu Wote. Hao si wale wa kalenda peke yao; ni kila aliyefika kwa Mungu, hata kama jina lake halijawahi kuvuka mto wetu. Kama Kukhu amefika, basi hiyo ni sikukuu yake, wala hahitaji barua kutoka Roma. Kesho yake, tarehe 2, ni ya Marehemu Wote, pamoja na walio bado toharani, wanakotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, wanaongoja sala zetu. Yuko upande gani, mimi na wewe hatujui. Kwa hiyo mimi namkumbuka siku zote mbili.

Kumtangaza mtu hadharani ni kazi nyingine. Hapa kwetu Bungoma tunaye Kardinali Maurice Otunga, mzaliwa wa Chebukwa, aliyefariki mwaka 2003. Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, ndiyo hatua ya kwanza. Bado hajaitwa mwenye heri, sembuse mtakatifu. Unaweza kumwomba maombezi chumbani kwako, lakini huwezi kumwekea sanamu altareni. Tangu enzi za Papa Urbano VIII, miaka ya 1600, wachunguzi huangalia kwanza kama watu hawajamtangulia kumpa marehemu heshima hiyo, na wenye haraka ndio huharibu kesi ya mtu wao. Sista Irene Stefani, yule wa Nyeri aliyeitwa Nyaatha, mama wa huruma, alikufa 1930 akatangazwa mwenye heri 2015. Miaka 85! Sisi tulimaliza kazi yote kwa siku sita, kati ya mochari na kaburi, na uchapishaji ndani yake.

Lakini si sheria iliyoniudhi. Wewe ulimjua Kukhu wa uji wa wimbi na rozari. Mimi nilimjua mama aliyekaa miaka 11 bila kumsalimu jirani wa ng'ambo ya ua, kisa mikaratusi iliyopandwa mpakani. Sisi watoto tulikatazwa kupita kwao, tukawa tunazunguka na ndoo za maji mpaka kule kwenye daraja. Walisali jumuiya moja. Kwenye Misa, padri akisema tutakiane amani, mama aligeukia ukuta akajifanya anarekebisha kitambaa. Yule jirani akafa hawajapatana. Mazishini hakuna aliyeligusa hilo, na ni haki, mazishi si baraza. Ila ukishamvika mtu taji siku ile ile, nani atakumbuka kumwombea?

Wiki iliyofuata nilifungua kitabu chake cha nyimbo. Unaikumbuka ile karatasi ya majina aliyokuwa akiisoma kila Novemba? Ni jalada la daftari la hesabu, limekunjwa mara nne, limelainika kama kitambaa. Yupo babu yako, wapo wale watoto wawili waliochukuliwa na surua kabla sijazaliwa. Jina la nane limeandikwa kwa kalamu nyingine. Ni la yule jirani. Liliandikwa, likakatwa kwa mstari mzito, kisha likaandikwa tena pembeni, kwa herufi kubwa kuliko mengine yote. Nilikaa nalo mpaka chai ikapoa. Kama kuna mahali nimeona utakatifu wa mama yangu ni hapo, si kwenye fulana.

Basi fanya yote mawili. Mwombee ile ya kawaida, raha ya milele umpe ee Bwana. Kati ya tarehe 1 na 8 Novemba ukizuru makaburi ukawaombea marehemu, Kanisa linatoa rehema kamili kwa ajili yao, yaani kufutiwa adhabu ya dhambi iliyobaki, ilimradi umeungama, umekomunika na umesali kwa nia za Papa. Na usiku ukilemewa na mambo ya kazi, ongea na Kukhu, mwambie akuombee. Hilo ni lako na yeye.

Shangazi yako aliyeolewa kwa watu wa Friends, wale Waprotestanti wa Quaker, aliniuliza kama tunaabudu wafu. Nikamuuliza, nikikuomba wewe uniombee, nimekuabudu? Akacheka, akasema lakini yeye yu hai. Nikamwambia tunaposema katika Nasadiki, ile sala ya kukiri imani, "ushirika wa watakatifu", maana yake ni kwamba kifo hakijaikata kamba hiyo. Hakukubali. Alimaliza chai yake, akaondoka na kuku niliyemfungia.

Ile karatasi ina nafasi chini kabisa, kama vidole viwili. Jina la mama sijaliandika. Nilishika kalamu mara mbili nikaiweka. Njoo uandike wewe, una mwandiko mzuri. Lete na mishumaa minene ya huko mjini, hii ya dukani kwetu inazimwa na upepo kabla hatujamaliza fungu la kwanza la rozari.

Baba yako